Kupima afya ya mwamba wa matumbawe bila kujidanganya

Kila msimu wa Kaskazi nakutana na kijana mmoja au wawili, mwanafunzi wa chuo au dogo anayetembeza wageni, ananiuliza nyie mkienda kuhesabu matumbawe huwa mnafanyaje hasa, maana wengi wanadhani ni kuzama, kuchungulia, kutoka na kusema mwamba uko poa au mwamba ushakufa. Sio hivyo. Kwa macho tu, mwamba wowote wenye samaki wa rangirangi na maji maangavu unaonekana mzima, na mwamba huohuo ukiuona siku maji yana tope unaonekana umekwisha, kwahiyo kazi yote ya kupima ni kulinyima jicho nafasi ya kuchagua. Naandika tunavyofanya huku Mafia ndani ya Hifadhi ya Bahari, ile ya 1995 ambayo ndo ya kwanza kwa Tanzania, ila kama uko Tanga au Mnazi Bay au hata Kisite kule Kenya utabadilisha majina ya sehemu tu.

Nianze na aibu yangu. Siku ya kwanza kukabidhiwa tepu ya kupimia niliitandaza mwenyewe, nikaona mbele kuna tumbawe moja la aina ya Acropora kama meza ya mgahawa, nzuri mnoo, nikaisogeza tepu kidogo ipite juu yake, kidogo tu, alafu mbele nikakuta uwanja wa mchanga nikajisemea huu si mwamba nikauzunguka. Tulivyotoka namba zangu za matumbawe hai zilikuwa karibu mara mbili ya za mwenzangu aliyetandaza mita chache pembeni yangu, kiongozi wetu akaangalia kibao changu cha kuandikia akaniuliza, "Mchanga wako uko wapi?" Sikuwa na jibu. Sikudanganya kwa makusudi, jicho lilikimbilia kizuri mkono ukalifuata, na kila mtu niliyemfundisha baada ya hapo amefanya hivyohivyo mara ya kwanza.

Kabla ya kulowa

Ruhusa kwanza. Hifadhi ina ofisi pale Utende, nenda uwaambie unataka kufanya nini, wapi, siku gani na boti gani, na kama ni utafiti rasmi kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, pia, usije ukasimamishwa na doria katikati ya bahari na tepu mkononi ukaanza kujieleza. Hilo ni fupi.

Refu ni kuchagua sehemu. Usiende tu pale wageni wanapopelekwa, maana wageni wanapelekwa palipo pazuri. Hifadhi ya Mafia ina kanda tofauti, kuna ambazo hakuna kuvua kabisa na kuna ambazo wanakijiji wanaruhusiwa kwa mitego fulani, kwahiyo chukua sehemu kadhaa kwenye kila kanda, na kama unaweza weka na nje ya hifadhi, ili baadae uweze kusema kitu kuhusu hifadhi yenyewe. Ila ziwe zinafanana! Kina kilekile, aina ileile ya mwamba. Mwamba uliojificha ndani ya ghuba ya Chole hauwezi kulinganishwa na ukingo wa nje unaopigwa na mawimbi ya bahari kuu, hata pasingekuwa na mvuvi hata mmoja duniani hiyo miamba miwili isingefanana.

Na ongea na wazee. Hii sio adabu tu, ni data. Mzee wa Jibondo aliyevua hapo toka ujana anajua wapi palikuwa na matumbawe ya matawi kabla ya joto la bahari la 1998, wapi palipigwa baruti za kuvulia samaki, wapi maji yanasimama. Na jinsi wanavyoipata sehemu yao baharini, wanalinganisha mnazi au mbuyu fulani na ncha ya kisiwa upande mmoja, na upande mwingine alama nyingine, zikikaa sawa uko juu ya fungu lako. Jipiesi unayo sawa, ila andika na hizo alama, jipiesi hukosea mita kadhaa na betri inaisha, mbuyu hauishi betri.

Wakati wa kwenda. Nenda maji mafu, sio bamvua. Wakati wa bamvua huku maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na yote hayo yanapita kwenye milango michache ya ghuba, Kinasi ikiwa mojawapo, utapigwa na mkondo mpaka tepu ikatike. Ingia maji yakiwa yanajaa kuelekea kusimama, hapo yanayoingia ni ya bahari kuu, safi, wakati yakitoka yanabeba tope la ndani. Msimu ni Kaskazi, Kusi ikianza kukaza sahau miamba ya nje. Na upande wa magharibi wa kisiwa unaotazamana na delta ya Rufiji baada ya masika huoni hata mkono wako.

Vifaa

Havina gharama kihivyo. Tepu ya mafundi ya mita 100, au mbili za 50 uziunge, ile ya plastiki sio ya chuma. Kibao cha plastiki nyeupe kilichopigwa msasa ili penseli ishike, na penseli mbili zilizofungwa kwa uzi kwa sababu moja lazima itaelea na kwenda zake. Nati ya boliti iliyofungwa kwenye uzi wa mita moja, nitaeleza kwanini. Miwani ya kuzamia, snokeli, mapezi, fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka losheni za jua. Simu kwenye mfuko usioingiza maji au kamera ndogo. Kama mwamba uko mita 2 mpaka 6 snokeli inatosha kabisa kwa mtu anayejua kuzama kwa pumzi, chini ya hapo tafuta mwenye cheti cha mitungi. Usiende peke yako, na nahodha atie nanga mchangani au afunge kwenye boya, sio kuja kupima matumbawe huku nanga yako inayavunja.

Kutandaza tepu

Amua mwelekeo ukiwa juu ya boti, kabla hujaona chini. Fuata kina kimoja, mfano mita 4, nyoosha, ikipita kwenye mchanga imepita, ikipita kwenye shimo la baruti imepita. Mtindo tunaotumia ni wa Reef Check, unatumika nchi nyingi duniani na ni rahisi hata kwa asiyesomea, kwenye hiyo mita 100 unapima vipande vinne vya mita 20 na kuacha mita 5 kati ya kimoja na kingine, yaani 0 mpaka 20, 25 mpaka 45, 50 mpaka 70, 75 mpaka 95. Ukishatandaza ondoka, pumzika robo saa nzima, wacha samaki warudi, umewavuruga vya kutosha. Ukirudi hesabu samaki kwanza, alafu viumbe wa chini, alafu ndo matumbawe mwisho, maana matumbawe hayakimbii.

Naanza kuyaeleza matumbawe lakini, kwasababu ndo wengi wanakosea.

Kila nusu mita kuna pointi moja, kwahiyo kila kipande kina pointi 40 na jumla 160. Kwenye kila pointi shusha ile nati, ikigusa kitu andika hicho ilichogusa, basi. Usiandike kilicho karibu, usiandike unachodhani kilikuwepo. Nati ni timazi yako, bila hiyo tepu ikiwa inaning'inia nusu mita juu ya mwamba utajikuta unaangalia kwa pembeni na jicho linachagua lenyewe. Makundi ni machache: matumbawe magumu, matumbawe laini, yaliyokufa karibuni, mwani wa majani, sponji, mwamba mtupu, vifusi, mchanga, tope, na mengineyo. Kipande kilichovunjika kikiwa kikubwa kuliko sentimita 15 ni mwamba, kidogo kuliko hapo mpaka nusu sentimita ni kifusi, chini yake ni mchanga. Na tumbawe lililokufa siku nyingi likafunikwa na mwani mfupi kama zulia unaliandika mwamba, sio tumbawe, hata kama umbo lake bado ni la tumbawe kabisa. Hapo watu wanabisha sana, wanaona matawi wanasema si hili hapa. Hilo ni kaburi lake kaka.

Nyeupe ziko za aina tatu

Hapa tukae kidogo. Ukiona tumbawe jeupe usikimbilie kuandika limekufa.

La kwanza ni lililopauka kwa joto. Ndani ya nyama ya tumbawe kuna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, huo ndo unalipatia rangi na sehemu kubwa ya chakula, maji yakizidi joto karibu digrii moja juu ya kiwango cha kawaida cha miezi ya joto na yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linautoa ule mwani nje na unaona mifupa myeupe kupitia nyama iliyo kama kioo. Nyama bado ipo! Sogea karibu kabisa, utaona vimkono vidogo vya polipu, wale wanyama wadogo wanaounda tumbawe, utaona utelezi. Hilo liko hai, lina njaa, joto likishuka mapema linaweza kurudi. Mengine kabla ya weupe yanageuka bluu au zambarau inayong'aa, wageni wanapiga picha wanafurahi, sisi tunanuna.

La pili ni lililoliwa. Mifupa imebaki mitupu, safi, hakuna nyama, na kuna mpaka mkali kati ya palipo hai na palipo peupe. Angalia chini na pembeni, utakuta kile kiti cha pweza (nyota wa baharini) kikubwa chenye miiba mingi na mikono zaidi ya kumi, kinajificha mchana, au utakuta konokono wadogo wamejikusanya kwenye shina. Kile cha miiba kina sumu usikiguse, na usikikatekate kwa hasira vipande vinaweza kuota. Chumbe kule Zanzibar walinzi wao huvitoa kimojakimoja kwa utaratibu maalum, ila hiyo ni kazi ya walioruhusiwa, wewe hesabu uandike.

La tatu ni lililokufa wiki chache zilizopita, nyama hakuna ila vishimo vya polipu bado vinaonekana vizuri, na juu yake kumeanza kuota manyoya ya kijani au kahawia. Hilo ndo linaingia kwenye "yaliyokufa karibuni". Ukiona mengi, jambo limetokea mwaka huu na unatakiwa kuuliza ni nini.

Kwa rangi kuna kadi ya chuo kikuu cha Queensland, Australia, ina rangi kuanzia namba 1 iliyopauka mpaka 6 iliyokolea, unaiweka pembeni ya tumbawe unaandika sehemu iliyopauka zaidi na iliyokolea zaidi, na unakwepa ncha za matawi maana ncha zinazokua huwa nyeupe siku zote. Kadi inasaidia kwa sababu mimi nikisema limepauka kidogo na wewe ukisema limepauka kidogo hatusemi kitu kimoja.

Huku kwetu joto kali linakuja kati ya Februari na Aprili hivi. 1998 liliua matumbawe mengi sana ukanda huu wote wa bahari ya Hindi magharibi na Kitutia ni moja ya sehemu zilizoumia vibaya, 2016 likaja tena, na 2024 ikatangazwa kupauka kwa dunia nzima kwa mara ya nne. Satelaiti za NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani, zinatoa hesabu ya joto lililojikusanya kwa wiki na iko wazi intaneti bure, ikifika 4 tegemea kupauka, ikifika 8 tegemea vifo, kwahiyo ukiona inapanda mwezi wa pili usingoje ratiba yako ya mwaka, tafuta boti.

Watoto

Kipimo ninachokiamini mimi kuliko asilimia ya matumbawe hai ni watoto. Chukua fremu ya mraba ya bomba la plastiki, nusu mita kwa nusu mita, idondoshe bila kulenga, alafu tafuta matumbawe madogo chini ya sentimita 5. Hayaonekani kirahisi. Unazama, unashika mwamba uliokufa, unasubiri macho yazoee, alafu pembeni ya ufa, kwenye ganda gumu la rangi ya waridi ambalo watu wanadhani ni rangi ya jiwe kumbe nalo ni mwani, unaona kitu kama kifungo cha shati, mviringo, kina vinundu. Hilo ni tumbawe la mwaka mmoja au miwili. Niliwahi kukuta matano kama hayo kwenye fremu moja pembeni ya shimo la baruti, kwenye jiwe lililobaki limeshika, wakati ndani ya shimo lenyewe hakuna hata moja, kwa sababu vifusi vinabiringika kila wimbi likipita na mtoto akikaa juu yake anasagwa. Kwahiyo ukipata mwamba wenye matumbawe hai machache ila watoto wengi kwenye jiwe gumu, huo unarudi. Na ule wenye matumbawe makubwa ya kupendeza bila mtoto hata mmoja, andika kwa herufi kubwa, huo unaishi kwa akiba. Yale mapande makubwa ya matumbawe aina ya Porites kama nyumba yanakua karibu sentimita moja kwa mwaka, lenye urefu wa mita 3 lina kama miaka 300, lipo toka kabla ya Seyyid Said, kuwepo kwake hakukuambii kitu kuhusu miaka kumi iliyopita.

Samaki na wale wa miiba

Samaki unahesabu kwenye korido ya upana wa mita 5, mbili na nusu kila upande wa tepu. Usihesabu kila kitu utachanganyikiwa, chagua: chewa na ukubwa wao, changu, mlea, vipepeo, pono, tasi, kangaja, kikande. Vipepeo wengi wanakula matumbawe yenyewe, wakipungua jua kuna njaa. Pono, tasi na kangaja ni wafyekaji, wanauzuia mwani usifunike mwamba. Chewa mkubwa anakuambia kuhusu uvuvi kuliko ripoti yoyote. Ila kumbuka chini ya maji kitu kinaonekana kikubwa kwa karibu theluthi, ndo maana samaki wa kwenye hadithi za wazamiaji hawakamatwi kamwe, fanya mazoezi na vipande vya bomba ulivyokata sentimita 10, 20, 30 mwenzako akushikie mbali ukisie.

Kikande sasa. Nilikuwa namdharau, samaki mgomvi mwenye meno. Siku moja nimetulia juu ya tepu nikamwona yule wa mistari ya rangi ya chungwa anampulizia maji urchini, yule mviringo mwenye miiba tunayoikanyaga, mpaka akageuka, akamng'ata tumboni palipo laini, akavunja, samaki wengine wadogo wakaja kugombania makombo. Dakika mbili kazi imeisha. Watafiti wa pwani ya Kenya wameonyesha miaka mingi kwamba kikande akivuliwa akaisha urchini wanajaa, na urchini wakijaa wanakula mwani sawa lakini wanakwangua na mwamba wenyewe, unachimbika kama jino bovu. Kwahiyo hesabu urchini kwenye korido ileile, ingiza mkono wa macho kwenye kila ufa maana mchana wanajibanza, hesabu pia jongoo bahari, kamba kochi, na yale makombe makubwa yanayojifunga ukipita juu yake. Pale ambapo hakuna kikande, urchini wamejaa na jongoo hakuna, hata kabla hujafungua kitabu cha doria unajua kinachoendelea.

Na andika takataka: nyavu zilizonasa, mishipi, alama za nanga, mashimo ya baruti kwa upana wake.

Hesabu

Rahisi. Pointi za matumbawe magumu gawanya kwa 160 zidisha mara mia. Ukipata 48 ni asilimia 30. Lakini usiishie hapo, fanya kila kipande peke yake, maana vipande vinne vikitoa 12, 13, 11, 12 na vingine vikitoa 30, 2, 14, 2 jumla ni ileile 48 ila hiyo ni miamba miwili tofauti kabisa, wa pili una kiraka kimoja kizuri, kingine cha kawaida, na kwingine ni jangwa. Watu wakiniuliza asilimia ngapi ndo nzima huwa sijibu, nauliza mwaka jana ilikuwa ngapi palepale. Asilimia 25 inayotoka 15 ni habari njema, asilimia 40 iliyotoka 60 sio njema hata kidogo. Na tofauti ya asilimia tatu nne kati ya mwaka na mwaka usiitangazie kijiji, tepu ikisogea nusu mita tu inaleta hiyo.

Ndo maana alama za kudumu. Kwa ruhusa ya hifadhi tunapigilia vipande vya nondo kwenye jiwe lililokufa mwanzo na mwisho wa kila kipande, tunafunga na zip tai, mwaka unaofuata tepu inapita palepale. Nondo inaota mwani mpaka usiitambue, kwahiyo piga picha ya nondo na mazingira yake na uandike kutoka nondo ya kwanza unaelekea digrii ngapi za dira. Mtu yuleyule ahesabu kundi lilelile mwaka hadi mwaka ikiwezekana, na akija mpya ahesabu sambamba na wa zamani siku moja mlinganishe kabla hamjamwachia.

Mkishapata, pelekeni kijijini kabla ya kupeleka kokote, kwa lugha ya huku, kikande na tasi na changu sio majina ya kilatini. Mara nyingi kuna mtu atasimama aseme pale mlipopima sio penyewe, pembe ya kusini ndo palikuwa na uhai, na mara nyingi yuko sahihi, mwakani mnaongeza sehemu.

Jingine dogo ila limetuuma. Kibao kinafutwa kwa mchanga kirahisi sana, sekunde kumi. Mwenzetu mmoja, mtu msafi sana, alifika ufukweni akaviosha vibao vyote vinne vizuri kwa mchanga na maji ya chumvi akavipanga juani vikauke, tukiwa bado tunavua mapezi. Pointi 640. Kwahiyo ukiwa bado ndani ya boti, mikono ikiwa imekauka, piga picha kila kibao pande zote mbili, angalia kama namba zinasomeka, tuma kwa mwenzako, alafu ndo ukioshe.